Mstari Mnene Haukuja kwa Urembo

Chukua tatuu yoyote ya baharia wa Marekani ya miaka ya 1930: nanga, mbayuwayu, tai aliyekunjua mabawa, moyo uliozungushiwa utepe wenye jina la mchumba. Mstari wa nje ni mweusi na mnene. Kivuli ni kizito, kimekusanyika upande mmoja. Rangi hazizidi nne, na sehemu kubwa ya ngozi imeachwa kama ilivyo. Wanaojifunza kazi hii leo huuona huo kuwa mtindo, wakaunakili kwa sababu unapendeza. Sisi tunaoshinda tukifungua mashine za zamani, kuzisafisha na kuzirudisha kazini, tunausoma vingine. Karibu kila kanuni ya uchoraji ule ilizaliwa na kasoro: mashine iliyotetemeka, alama iliyofutika kabla kazi haijaisha, rangi iliyokataa kukaa mwilini, ngozi inayozeeka na kuuchukua wino safarini.

Kabla ya umeme, kazi yote ilikuwa ya kiganja. Martin Hildebrandt, mzaliwa wa Ujerumani, aliwachora askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na baadaye akafungua chumba cha kuchorea jijini New York. Chombo cha enzi hizo ni kijiti chenye sindano kadhaa za kushonea zilizofungwa kwa uzi. Uzi huo usiudharau. Kwanza ndio ghala la wino: unaunyonya na kuuachia kidogo kidogo. Pili ndio kizuizi: ukizungushwa mpaka karibu na ncha, sindano haiwezi kuzama kuliko inavyotakiwa. Ncha zinazobaki nje hazizidi milimita mbili au tatu. Zisipolingana, ile iliyochomoza hutoboa peke yake, nyingine zinapapasa tu, na mstari unatoka nukta nukta kama msafara wa siafu uliokanyagwa. Mkono hodari hutoboa mara mbili au tatu kwa sekunde, si zaidi.

Msomaji wa kwetu asidhani habari hii ni ngeni kabisa. Kiswahili kilikuwa na chale, tojo na nembo kabla neno tatuu halijafika. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanja uso na kifua kwa kisu kidogo, kisha wakapaka masizi kwenye jeraha. Tofauti ni kwamba Mmakonde alikata, naye Hildebrandt alidunga. Mkato huponya kwa kovu linaloinuka na kushika rangi pamoja. Tundu la sindano huponya bapa, likabaki na rangi peke yake. Ndiyo maana nembo unaweza kuisoma kwa kidole gizani, tatuu huwezi.

Kilichoigeuza kazi hii hakikubuniwa kwa ajili ya ngozi. Mwaka 1876 Thomas Edison alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kalamu ya umeme: mota ndogo kichwani mwa kalamu inazungusha gurudumu, nalo linapandisha na kushusha sindano ndani ya bomba jembamba. Karani aliandika juu ya karatasi, kalamu ikaacha mfululizo wa vitundu, na karatasi ikawa stenseli ya kutolea nakala kwa wino. Betri zake za maji zilikuwa usumbufu, na ofisi zikahamia kwenye vifaa vingine. Lakini Samuel O'Reilly, aliyekuwa na chumba chake Chatham Square, New York, aliona kwamba kinachotoboa karatasi kitatoboa na mkono. Tarehe 8 Desemba 1891 alipewa hataza ya Marekani namba 464,801, ya kwanza nchini humo kwa mashine ya umeme ya kuchorea tatuu.

London nako hawakulala. Sutherland Macdonald, aliyechora wateja wa tabaka la juu mtaa wa Jermyn, alipata hataza yake mwaka 1894. Miaka mitano baadaye Alfred South akasajili mashine yenye koili mbili, yaani misokoto ya waya, ukoo mmoja na kengele ya mlangoni. Ilikuwa nzito kiasi kwamba watumiaji waliitundika darini kwa springi ili mkono usichoke. Mwaka 1904 Charlie Wagner, naye wa Chatham Square, akapata hataza ya mashine ambayo koili zake zimesimama wima ndani ya fremu, mbele ya kidole. Ukitazama mashine ya koili ya leo unaitazama ile ya Wagner. Vilivyobadilika ni vipande vidogo.

Tuseme inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi huharibu. Umeme unaingia kwenye koili mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Juu yake kuna kipande cha chuma laini kilichoshikwa na springi mbili. Tukiite nyundo, kama kwenye kengele. Springi ya mbele inagusa ncha ya skrubu, na hapo mzunguko wa umeme unakamilika. Koili zinageuka sumaku, zinavuta nyundo chini, sindano inashuka. Nyundo ikishuka, springi inaachana na skrubu, umeme unakatika, sumaku inakufa, springi ya nyuma inarudisha nyundo juu, skrubu inaguswa tena. Mashine inajiwasha na kujizima yenyewe mara mia na ushee kwa sekunde. Fundi aliyewahi kuhangaika na pointi za distribyuta ya gari la zamani ataielewa mara moja, na magonjwa yake atayajua pia.

Kipimo kikuu ni nafasi kati ya springi na skrubu. Ibonyeze nyundo kwa kidole mpaka ilale juu ya koili ya mbele, kisha tazama nafasi iliyobaki. Mafundi wa Marekani walipima kwa sarafu za mfukoni: kwa mashine ya mistari, unene wa sarafu ya senti 10, yaani kama milimita 1.35, kwa mashine ya kivuli, ile ya senti 5, karibu milimita 2. Nafasi ndogo hutoa kasi na pigo fupi, ndiyo inayofaa mstari. Nafasi kubwa hutoa pigo refu na la polepole, linalobeba kundi kubwa la sindano. Ukichora mstari kwa mashine ya kivuli, mkono unautangulia mdundo na mstari unakatikakatika. Ukijaza kivuli kwa mashine ya mstari, unapita mahali pamoja mara kumi mpaka ngozi inakuwa nyama.

Cheche ndogo ya samawati kwenye pointi ni kawaida. Cheche kubwa inayotafuna ncha ya skrubu ni dalili kwamba kapasita, kifaa kidogo kinachomeza cheche, imekufa au haipo. Shimo likishachimbika pale, mashine inaanza kukohoa: inakwenda, inasita, inakwenda. Wengi hukimbilia kuongeza volti. Usiongeze. Piga msasa laini, nyoosha uso wa skrubu, kisha sikiliza tena. Mashine ya mistari iliyotulia hufanya kazi kwa volti 7 au 8 hivi. Ukiona inadai 12 kuna ugonjwa unaufunika. Nyundo ikibaki imeng'ang'ania koili hata umeme ukiwa umezimwa, chuma chake kimekuwa sumaku ya kudumu au kimebadilishwa na mtu aliyeweka chuma kigumu. Hilo halirekebishwi kwa skrubu, unatafuta chuma laini kingine. Paul Rogers, aliyefanya kazi na mchoraji Cap Coleman huko Norfolk, Virginia, kuanzia katikati ya miaka ya 1940, alipata heshima kwa mafundi wenzake kwa hili kuliko hata kwa michoro yake: kuikunja springi nyuzi mbili tatu na kujua kwa sikio kwamba imekaa.

Mashine haikuiua kazi ya mkono. Gus Wagner, ambaye hana undugu na Charlie, aliendelea kudunga kwa kijiti miaka mingi baada ya hataza zote hizo. Mwaka 1904, kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, alikutana na Maud, msanii wa sarakasi, aliyekubali miadi kwa sharti la kufundishwa kuchora. Maud Wagner ndiye mwanamke wa kwanza Marekani anayejulikana kwa kazi hii, naye pia alichora kwa mkono.

Sindano zilitengenezwa chumbani. Mchoraji alichukua sindano nyembamba za kushonea, akazipanga tatu au tano kwa duara kwa ajili ya mstari, au saba na kuendelea bapa kwa kivuli, akazilehemu kwenye uti wa chuma. Shida iko kwenye asidi ya kulehemia. Isipooshwa inaendelea kula chuma, na kesho yake sindano ina kutu. Dawa ni kuchemsha kwenye maji yenye magadi, kusuuza, kisha kukagua kila ncha kwa lenzi. Ncha iliyopinda kama ndoana huwezi kuiona kwa macho, lakini mteja ataijua. Kuna njia ya haraka: buruta ncha taratibu juu ya pamba, ikivuta uzi, itavuta na ngozi.

Sasa stenseli, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyotawala sura ya michoro kuliko hata mashine. Yerusalemu, familia ya Razzouk imewachora mahujaji kwa mihuri ya mbao iliyochongwa: muhuri unapakwa wino, unagandamizwa mkononi, sindano inafuata alama. Wamarekani walitumia kipande cha plastiki: kwanza seluloidi, baadaye asetati. Kinawekwa juu ya mchoro na mistari inakwaruzwa kwa ncha kali mpaka inakuwa mifereji. Kabla ya kazi unanyoa mahali, unaosha kwa sabuni, unakausha, unapaka mafuta ya mgando kwa utando mwembamba sana. Unasugua unga wa mkaa kwenye mifereji, unapangusa uliobaki juu, unalaza upande wa mifereji kwenye ngozi, unagandamiza bila kusogeza, unabandua. Mkaa unabaki kwenye mafuta.

Mafuta yakizidi, unga unaogelea na mstari mmoja unakuwa mitatu. Yakipungua, unga haushiki. Na hata ukipatia, alama ile ni vumbi juu ya mafuta: ukipangusa wino mara moja vibaya, nusu ya tai imeondoka. Ndiyo sababu anayetumia mkono wa kulia huanzia chini kulia na kupanda, ili kitambaa kipanguse pale palipokwisha chorwa. Ndiyo sababu pia mistari yote inachorwa kwanza, hakuna kugusa kivuli mpaka mstari wa mwisho ufungwe. Na mchoro wenye vijistari mia haukuwezekana, kwa kuwa ungefutika kabla hujafika nusu. Michoro ikapunguzwa mpaka ikabaki na mistari ambayo mtu anaweza kuimaliza kabla vumbi halijaondoka.

Jambo moja zaidi la stenseli: inachapa kinyume, kama muhuri. Maandishi lazima yakwaruzwe yakiwa yamegeuzwa. Neno MOM, waliloliandika mabaharia hao kumaanisha mama, husomeka sawa ukiligeuza, na huenda liliwaokoa wengi. Mchoraji wa Kiswahili asingekuwa na bahati hiyo. MAMA kila herufi yake inafanana pande zote mbili, kwa hiyo stenseli inaonekana haina kosa, mpaka ubandue na kukuta mteja ameandikwa AMAM.

Michoro yenyewe ilibandikwa ukutani kwenye karatasi zilizoitwa flashi. Lew Alberts, aliyewahi kubuni karatasi za kupamba kuta, alichora karatasi hizo na kuziuza kwa wachoraji wengine. Percy Waters wa Detroit aliuza mashine, wino na michoro kwa posta, na mwaka 1929 akapata hataza ya mashine yake mwenyewe. Kwa njia hiyo mbayuwayu mmoja aliruka kutoka New York hadi bandari za Pasifiki bila kubadilika manyoya. Mwaka 1936 jumba la makumbusho la mabaharia la Newport News, Virginia, lilinunua karatasi za Cap Coleman, wakati ambapo watu wenye heshima zao bado waliiona kazi hiyo kuwa uchafu wa bandarini.

Karatasi za Coleman ni somo la wino mweusi. Mafundi wanasema theluthi nyeusi, theluthi rangi, theluthi ngozi tupu, na sababu yake iko chini ya ngozi. Tabaka la juu la ngozi ya mkono lina unene kama sehemu ya kumi ya milimita, nalo hujimwaga na kujifanya upya kila baada ya wiki chache. Wino ukiishia hapo, unatoka na magamba. Unatakiwa ufike tabaka la chini yake, kina cha milimita moja hadi mbili. Ukipitiliza, unaingia kwenye mafuta na kutambaa, na mstari unapata ukungu wa samawati pembeni usiofutika. Hata uliokaa vizuri hautulii milele. Chembe za ulinzi wa mwili huumeza wino zikashindwa kuusaga. Zikifa, unamwagika na kumezwa na nyingine zilizo jirani, kama watafiti wa Ufaransa walivyoonyesha kwa panya mwaka 2018. Mwaka hadi mwaka mstari unanenepa. Jicho la mbayuwayu lililochorwa dogo mno hufunga likawa doa. Aliyeacha nafasi ya kutosha kati ya mistari alikuwa akichora ndege wa miaka 30 ijayo.

Kwa ngozi nyeusi kanuni hiyo ina uzito zaidi, na inashangaza walimu wengi hawaitaji. Rangi ya asili ya ngozi iko tabaka la juu, wino uko chini yake. Kwa hiyo kila tatuu unaitazama kupitia kioo chenye rangi. Njano na waridi vinapotea. Nyeusi inabaki, ikiwa mistari ni mipana na ngozi tupu imeachwa ya kutosha. Makovu yanayovimba nayo hutokea zaidi, hivyo mkono uwe mwepesi na usipite mara ya tatu pale ulipopita mara mbili. Muulize mteja kovu lake la chanjo ya utotoni lilivyo kabla hujawasha mashine; likiwa limevimba kama punje ya haragwe, mwambie aende nyumbani akafikirie.

Rangi zilikuwa chache kwa sababu zilizokubali kukaa zilikuwa chache. Nyeusi ilikuwa masizi, kaboni tupu, na haikuwahi kuleta taabu. Nyekundu ya zamani ilitokana na zebaki, na wapo ambao sehemu nyekundu tu ya tatuu iliwavimba na kuwasha miaka baadaye. Njano ya kadimi huvimba ikipigwa na jua. Kijani cha kromi kilikaa. Zambarau ilichelewa sana. Norman Collins wa Honolulu, aliyejulikana kama Sailor Jerry, ni mmoja wa walioitafutia rangi isiyodhuru, na pia alikuwa wa mbele katika kutumia sindano mpya kwa kila mteja.

Hilo la sindano mpya halikuwa dogo. Mwaka 1878 madaktari wa Philadelphia waliandika juu ya watu waliopata kaswende kwa mchoraji aliyelowesha sindano kwa mate. Miongo mingi baada ya hapo vyumba vingi vilikuwa na ndoo moja na sponji moja, na sponji ile ile iliyopangusa damu ya baharia wa asubuhi ilimpangusa wa jioni. Norfolk ilipiga marufuku kazi hii mwaka 1950. New York ilifuata mwaka 1961, ikitaja homa ya ini, na haikuondoa marufuku mpaka 1997. Jiji la O'Reilly na Charlie Wagner lilikaa miaka 36 bila chumba halali cha kuchorea. Kifaa ambacho kingeondoa sehemu kubwa ya hoja hiyo, sufuria ya mvuke wa shinikizo ya nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, kilikuwa hospitalini tangu karne ya 19.

Kwa hiyo mashine ya zamani ikikufikia mezani, gawa vipande vyake mafungu mawili. Fremu, koili, nyundo na skrubu vinaweza kurudi kazini: badili springi, badili nyaya zilizopoteza ganda, weka kapasita, pima nafasi, iwashe bila sindano kwa dakika 10 na uguse koili. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kidole, waya wa ndani umegusana na utasokota upya. Fungu la pili ni bomba na uti wa sindano. Bomba la shaba lenye mng'aro uliobanduka lina mikwaruzo ndani ambayo hakuna brashi inayofika. Hilo lisafishe kwa ajili ya kabati la kioo, na kwenye fremu ufunge bomba jipya na sindano iliyotoka kwenye pakiti mbele ya macho ya mteja.